Stripu za sukari ziwekwe chumba cha kujifungulia

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu, mkazi wa Mbagala. Naomba nafasi niwasemee watoto ambao sisi wakunga huwaita "waliochoka": hawakulia walipozaliwa, wakapuliziwa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa, mpaka wakapumua.

Mtoto wa namna hiyo akishapumua, kila mtu hushusha pumzi. Inapigwa simu ya rufaa, gari linasubiriwa, na Barabara ya Kilwa saa za jioni mnaijua wenyewe. Katika pilikapilika hizo sukari yake haipimwi. Mahali nilipowahi kufanya kazi, stripu, vile vijiti vya kupimia sukari kwenye tone la damu, zilikuwa kliniki ya kisukari, na mwenye funguo alishakwenda nyumbani.

Damu ikipungua kwenye ubongo, oksijeni hupungua na sukari nayo hupungua. Seli zikikosa oksijeni huunguza sukari kwa hasara: hutumia nyingi, zikapata nguvu kidogo mno. Akiba iliyo kwenye ini la mtoto huisha upesi. Kwa hiyo utamwona amerudi rangi, moyo unadunda vizuri, kumbe sukari inaporomoka. Ikishuka chini ya milimoli 2.5 kwa lita, ubongo uliokwisha kuumia unaweza kuumia tena. Akilegea au akipata degedege, wote tutasema ni ile hewa aliyoikosa.

Kuna watakaosema basi wote wapewe sukari. Hapana. Uchambuzi wa takwimu za CoolCap, utafiti wa kuwapoza kichwa watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa watoto hao walikuwa na matokeo mabaya zaidi sukari ilipokuwa chini, na vivyo hivyo ilipokuwa juu. Pengine sukari ya juu ni dalili tu ya mwili ulioumia sana. Kwenye majaribio ya maabara, panya wachanga hawakudhurika nayo kama panya wakubwa. Vyovyote vile, kumwongezea mtoto sukari bila kumpima ni kubahatisha.

Halafu kuna bibi zetu na glukosi ya unga ya duka la dawa. "Mwanangu nesi, mtoto ana njaa, tumpe kijiko kimoja tu." Nia yao ni njema, ila mtoto aliyechoka hamezi sawasawa, na yale maji yanaweza kuingia mapafuni. Sukari ikiwa chini, dawa yake ni dekstrosi (maji ya sukari ya hospitali) ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 2 kwa kila kilo, taratibu, kisha dripu. Mtoto wa kilo 3 ni mililita 6 tu. Baada ya nusu saa unamchoma tena kisigino, unapima.

Nawaomba waganga wakuu wa manispaa zetu, kuanzia Temeke kwetu, waagize kopo la stripu na glukometa, mashine ya kuzisoma, vikae meza moja na ambu, usiku na mchana. Na fomu ya rufaa iandikwe sukari ilikuwa ngapi na ilipimwa saa ngapi, daktari anayempokea mtoto asianze kukisia.

Mkunga mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam