Shukrani kwa fundi wa Katwe

Kaka yangu fundi wa Katwe, hapa Kampala, jina lako hukunitajia, lakini asante yangu naitoa mbele za watu.

Nati ya puli ya alteneta ya gari langu, ile mashine inayochaji betri, ilikuwa imefungwa pogo huko nyuma, ikazila hesi (mikato ambamo nati huzunguka) za mwanzo za shafti. Wengi walinishauri nati ichomewe kwa weldingi, yaishe. Wewe ulikataa katakata: ikichomewa, puli haitatoka tena siku ya kubadilisha beringi, na umeme wa weldingi unaweza kuunguza daiodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Ulichofanya bado nakisimulia. Uliziba matundu ya alteneta kwa kitambaa ili chembe za chuma zisiingie ndani. Ukapima hesi kwa geji, maana shafti mbili zenye unene wa milimita 14 zinaweza kutofautiana hesi. Ncha ya shafti ukaisawazisha taratibu kwa tupa ya pembe tatu. Kisha ukatoa dai, kile kifaa cha kutengenezea hesi, iliyopasuliwa vipande viwili, ukaibana kule ndani kwenye hesi nzima, ukaizungusha kuja nje. Huo ndio ufundi! Hesi nzima zikaziongoza zile mbovu, wala hakuna mpya iliyokatwa juu ya ya zamani.

Ukafunga nati mpya kwa vidole kwanza, ikateleza hadi mwisho. Injini ilipowaka, mita ikasoma volti 14.1, dalili kwamba alteneta inachaji vizuri.

Na ulikataa nyongeza niliyokupa. Mungu akubariki sana, ssebo. Gari linapanda Mbale na kurudi, na taa ya betri haijawaka tena.