Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mji: mbuzi wangu wako mjini, mimi niko kijijini

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SISI NI MTAA AU NI KIJIJI?

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Pole na majukumu. Nisingependa kukusumbua hadharani namna hii, lakini barua zangu tatu za nyuma zilipokelewa vizuri, zikagongwa mhuri, na naamini zimelala salama kwenye jalada.

Jumanne asubuhi mgambo wa halmashauri walikuja kwangu na gari, wakaondoka na mbuzi wanne. Kosa: kufuga ndani ya eneo la mji bila kibali. Faini 50,000 kwa kila kichwa. Nilipouliza huo mji uko wapi, kijana mmoja akanyoosha kidole chini. "Mama, hapo uliposimama ni mjini." Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama kwenye mahindi, yamenifika magotini.

Siku tuliyotangaziwa naikumbuka. Uwanja wa shule ya msingi, maturubai, ngoma, soda. Tukaambiwa kijiji kimekwisha, kuanzia leo ni mtaa wa mji, na mtaa una maji ya bomba, una taa za barabarani, una lami. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Huu ni mwaka wa saba. Vijana wanasema mjini mipango. Sisi mji tumepewa, mipango ndiyo hatujaiona. Kibao cha njia panda kilipakwa rangi, hilo sikatai, ila jua limeshaibabua na neno KIJIJI linachungulia chini ya MTAA. Mtendaji naye alikaa muda mrefu na mhuri wa zamani: anagonga "Mtendaji wa Kijiji", halafu anakata kwa kalamu na kuandika "Mtaa" juu yake. Kwa mkwaruzo huo benki walinirudishia barua ya utambulisho.

Nguzo za umeme zilipopita, nilikwenda ofisi ya shirika la umeme na 27,000 yangu mkononi, bei ya kuunganishiwa umeme kijijini. Wakaangalia kwenye kompyuta. Mama, wewe ni wa mtaa, bei ya mjini ni 320,960. Wenzetu wa ng'ambo ya korongo bado ni kijiji, wakalipa 27,000, na nguzo ni hizohizo. Korongo lenyewe wakati wa kiangazi naliruka. Tofauti ni 293,960 kwa sababu ya neno moja, na kwa kuwa sikuwa nazo, barua hii naiandika kwa kibatari.

Sasa njoo kwenye kalavati la korongo hilohilo. Masika watoto hawavuki kwenda shule. Mhandisi wako alikuja, akapiga picha, akasema eneo letu "bado lina sura ya kijiji", tusubiri bajeti ijayo, kipaumbele ni katikati ya mji. Kwa hiyo nikitaka kalavati mimi ni wa kijijini, nikifuga mbuzi ni wa mjini. Bodaboda angalau hawajifichi: wakiniona na kikapu wanauliza, "Mama, unaenda mjini?" Elfu mbili. Sijawahi kusikia mtu aliyeko mjini akitozwa nauli ya kwenda mjini.

Na shamba? Nina hati ya hakimiliki ya kimila, niliyopewa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Idara ya ardhi wameigeuza mbele na nyuma wakasema hiyo ni ya kijijini, nipimiwe upya, kwa gharama zangu. Kijiji kilikuwa chombo kisheria: kilimiliki mali, kilishtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Tulikuwa na mashine ya kusaga. Mpaka leo sijui ni ya nani. Nadhani ilihamia halmashauri, ila hakuna aliyetusomea karatasi. Nahisi pia, na ushahidi sina, kwamba vichwa vyetu vilihitajika tu ili mji utimie kwenye makaratasi.

Najua majina haya hayafuati macho siku zote. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji, na mtu wa Kinondoni au Temeke, hukohuko Dar es Salaam, kiofisi akabaki wa manispaa. Lakini kule ni mambo ya vyeo. Huku kwetu neno linaingia mpaka zizini.

Naomba kalavati. Naomba hati yangu itambuliwe. Naomba barua moja, yenye mhuri usiokatwa kwa kalamu, iseme sisi ni nani, ili nikienda na noti zangu nijue ni noti ngapi.

Au hayo yote yaache, nimezoea kusubiri. Nirudishie mbuzi. Kama sisi ni kijiji, warudi leo bila faini. Kama ni mji, basi huko mlikowafungia pana bomba, wapewe maji: jana jioni nimepita kwenye uzio, ndoo ilikuwa kavu, na yule mweusi ana mimba.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Mtaa/Kijiji (futa lisilohusika)