Kengele ya Buxton na kengele yetu

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote nyumbani, na uniwie radhi kwa kimya changu tangu mfungo wa Ramadhani. Leo naandika kwa sababu ya kengele, tena nina ombi.

Mwanzoni mwa Septemba jirani yangu alinichukua hadi North Buxton, kijiji kidogo cha Ontario ambacho watu wenye asili yake hurejea kila mwaka, desturi iliyoanza 1924. Kilianzishwa mwaka 1849, pale mchungaji William King alipowaleta watu 15 aliokuwa akiwamiliki Louisiana, akawapa uhuru wao na kufungua makazi ya ekari 9,000 kwa watumwa waliotoroka Marekani. Wazungu wa Chatham walikutana kupinga, lakini hawakufaulu, na baadaye baadhi yao waliwapeleka watoto wao katika shule ya hao hao waliowakataa.

Ardhi haikutolewa bure. Kila familia ilinunua ekari 50 kwa dola 2.50 kila ekari, ikalipa kidogo kidogo kwa miaka kumi. Nyumba haikuruhusiwa kupungua futi 24 kwa 18, na ilipaswa kusimama futi 33 kutoka barabarani, ikiwa na ua wa mbao na bustani ya maua mbele. Nilipiga hatua kutoka ukingo wa barabara hadi kizingiti cha bibi mmoja mzee, nikapata kumi na moja. Naye, akiwa ameshika kitasa cha mlango, akanitajia majina ya wazee wake wa vizazi vitano bila kusita.

Kengele yenyewe ililetwa 1850 kama zawadi ya watu weusi wa Pittsburgh, na sasa iko katika kanisa la South Buxton. Ilikuwa ikilia kila alipowasili mtu aliyeuponyoka utumwa. Hapo nikaikumbuka ya kwetu Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru pale Mombasa, iliyoipa mtaa wa Kengeleni jina lake, ambayo tuliipita kila siku kwenye matatu bila hata kuinua macho. Yao ilitangaza kwamba mtu amefika salama. Yetu ilipigwa kuonya kwamba wakamata watumwa wanakuja. Tangu siku ile sijaacha kuwaza jambo hilo, wala yale majina matano.

Ombi langu ndilo hili: chukua daftari uende kwa yule bibi aliyekuwa akituuzia mahamri, umwandikie majina ya wazee wake kadiri anavyoyakumbuka. Je, bado ana nguvu za kuzungumza? Si yeye aliyesema babu yake alishushwa Mombasa na manowari ya Waingereza? Alitokea wapi kabla ya hapo, Nyasa au Uyao? Alipewa jina gani, na lake la kwanza lilikuwa lipi? Na wajukuu wake wanayajua hayo?

Nakungoja kwa hamu,
Somo yako