Barua kwa mwanangu: sauti ile waliyosema ni ya mvulana

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Shikamoo yako imenifika, na ule ujumbe wa sauti uliourekodi usiku nao umenifika. Nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa napiga pindo sare za shule, unajua Januari ilivyo hapa nyumbani, kelele za cherehani zikanimezea maneno. Mara tatu zilizofuata nilitoa mguu kwenye cherehani nikakaa kimya. Unasema ukimaliza chuo hutaki kuzeeka na vitabu vya hesabu, unataka kazi ya kuingiza sauti kwenye katuni na tamthilia. Halafu ukashusha sauti, ukasema uliogopa kuniambia kwa sababu ya yale ya kaswida.

Basi nianze na hayo, maana yamenikaa kooni miaka tisa.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Maulidi yamekaribia, wenzako wanafanya mazoezi kila alasiri, wewe ukarudi kabla ya wakati. Ulikuwa umeambiwa sauti yako ni nzito, ina mikwaruzo, inavuruga za wenzako, ni sauti ya mvulana. Ulilivua lile gauni jeupe nililokushonea, ukalikunja vizuri, ukaliweka juu ya meza yangu ya kukatia, pembeni ya mkasi. Nami nikasema, "Haya, mwakani." Sikwenda kuuliza. Sikukukumbatia. Nilinyamaza kwa sababu moyoni mwangu niliona wamesema kweli, na wewe ulinitazama ukaliona hilo. Nisamehe, mama yangu. Ningeweza kukuomba radhi kwa simu, lakini kwa simu ungenikatiza, ungesema yameisha.

Katika ujumbe wako ulinitajia mwanamke wa Kijapani anayetia sauti kwenye katuni, Masako Nozawa. Nilimwambia mdogo wako anitafutie. Yeye kila siku jioni anaangalia katuni ya Dragon Ball kwenye simu yangu, ile yenye Kijapani chenyewe na maandishi chini, na nyumba nzima tumeshamzoea Goku, mtoto yule anayeguruma mpaka simu inatetemeka mezani. Tulipopata picha ya huyo mama, mwenye miaka yake themanini na kitu, anacheka, mdogo wako aligoma. "Bibi huyu ndiye Goku?" Akarudisha katuni, akaziba kioo cha simu kwa kiganja, akafumba macho akasikiliza. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoondoa mkono alisema, "Sasa namsikia." Nami nilikuwa nyuma yake, nimeshika futi, nikakukumbuka wewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma habari zake kila nikipata nafasi. Pengine mengi unayajua, ila acha nikuambie jinsi nilivyoyaelewa mimi.

Alizaliwa Tokyo tarehe 25 Oktoba 1936. Akiwa na miaka mitatu tayari alikuwa ameonekana kwenye filamu. Vita vilipoishika Japani alihamishiwa mkoa wa Gunma, mbali na mabomu, akakulia huko. Ukubwani mapenzi yake yalikuwa jukwaa, maigizo ya watu kukaa na kutazama ana kwa ana. Kikundi chake hakikuwa na fedha, kwa hiyo wanachama walitafuta vibarua ili jukwaa lisife, na kibarua chake kikawa kutia sauti. Lisome tena hilo. Kazi iliyompa jina duniani aliianza ili apate fedha za kazi nyingine.

Televisheni ya Japani wakati huo ilikuwa changa. Walinunua vipindi vya Marekani na kuvitia Kijapani papo hapo, kipindi kikiwa hewani. Ukikosea, umekosea mbele ya nchi nzima. Wahusika wavulana wakawa shida: mtoto wa kweli humweki studio usiku ukamtegemea asikosee hata mara moja, na hata ukimpata anayeweza, akibalehe sauti inabadilika katikati ya hadithi. Wakaona watafute mwanamke mtu mzima anayeweza kuwa mvulana. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuifanya kazi hiyo. Mwanangu, huko walikuwa wanaitafuta sauti ile ile uliyofukuziwa wewe.

Nimejaribu kuielewa kazi yenyewe kwa akili yangu ya ufundi. Wanasimama chumba kimoja, mbele kuna televisheni, na vipaza sauti vitatu au vinne, waigizaji ni wengi kuliko vipaza sauti. Kila mtu ameshika karatasi zake. Zamu yako ikifika unasogea, unasema, unarudi nyuma, na asisikike mtu akikanyaga wala akifunua ukurasa. Mara nyingi picha haijamalizika kuchorwa, inakuja mistari ya penseli tu, na jina la mhusika linatokea kwenye kioo na kupotea. Linapokuwapo ndipo mdomo umefunguka, na maneno yako yote lazima yaingie hapo, yasipungue wala yasizidi. Hii naijua. Ni kama kumshonea mtu nguo ya kubana naye hakai akapimwa, anatembea tu, na nguo inatakiwa imkae kama ngozi. Na lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba huchagua hata nguo za kuvaa studio. Kitambaa kinachochakarisha hakifai, bangili hazifai, kwa sababu kipaza sauti kinasikia kila kitu. Nimeshona miaka ishirini na mbili, sikuwahi kukichagua kitambaa kwa kukisikiliza. Jana nilikwenda dukani nikawa nasugua kona za vitambaa karibu na sikio, muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Dragon Ball ilianza kurushwa tarehe 26 Februari 1986. Akira Toriyama, mchoraji wa hadithi ile, ndiye aliyeisikia sauti ya Nozawa na kusema Goku ni huyu. Nozawa alikuwa na miaka 49, miwili zaidi yangu leo. Nilipolijua hilo nilikaa chini. Watu wa rika langu mtaani wanasema tumeshamaliza, sasa tulee wajukuu, na yeye katika umri huo ndiyo kwanza anaingia kwenye kazi ya maisha yake. Goku alipopata wanawe, Gohan na Goten, wakapewa yeye. Baba yake Goku, Bardock, akapewa yeye. Ikija sehemu Goku anaongea na wanawe, hawarekodi mmoja mmoja na kuwaunganisha. Anatazama picha: ukija uso wa Goku ni Goku, ukija wa Goten ni mtoto mdogo, bila kupumzika katikati. Na hadithi hasomi mbele. Anasema Goku hajui kesho yake, basi na yeye hataki kuijua.

Mwaka 2017 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimwandika kwa kuwa sauti ya mhusika mmoja kwenye michezo ya video kwa miaka 23 na siku 218. Ni heshima kubwa, lakini mimi iliyoniliza ni habari ya Kitaro.

Kitaro ni mtoto wa katuni nyingine, wa kabila la mizimu, wa mwisho aliyebaki. Baba yake alikufa, mwili ukaoza, likabaki jicho moja. Jicho likapata mwili mdogo, mikono na miguu, kwa sababu baba hakutaka kumwacha mwanawe peke yake duniani. Linaoga kwenye bakuli la chai, linapanda kwenye nywele za mtoto, linamwelekeza njia. Katuni ile ilipoanza mwaka 1968, sauti ya mtoto ilikuwa ya Nozawa. Imetengenezwa upya mara kadhaa, na mwaka 2018, miaka 50 baadaye, wakamwita tena. Alikuwa na miaka 81. Safari hii alikuwa baba, lile jicho. Mtoto alipewa mwanamke mwingine, Miyuki Sawashiro. Namfikiria amesimama mule ndani akimsikia mwenzake anaita "Baba!" kwa maneno aliyokuwa akiyasema yeye nusu karne nyuma, naye sasa ndiye wa kuitika.

Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024. Oktoba mwaka huo huo ikatoka Dragon Ball nyingine, na Goku alikuwa bado ni yule mama, anaelekea miaka 88.

Sasa tuzungumze fedha, maana mimi ndiye ninayelipa ada. Japani kwenyewe, ambako watu hujaza kumbi kuwaona waigizaji wa sauti, anayeanza hulipwa yeni 15,000 kwa sehemu moja ya nusu saa, aseme neno moja au aseme mia. Juma ambalo hakuitwa, hana kitu. Wengi wanafanya vibarua madukani na mahotelini miaka mingi. Mwaka 1973 waligoma na kuandamana mpaka malipo yakapanda, kwa hiyo hata kidogo wanachopata leo kina watu waliokipigania barabarani. Kama huko ndiko kulivyo, hapa kwetu usitegemee kulala njaa siku mbili tu. Chuo utamaliza. Hilo silijadili. Umebakiza mwaka na nusu, na cheti chako cha hesabu ndicho kitakacholipa nauli ya kwenda studio siku ambazo hujaitwa. Nozawa alitia sauti ili alishe jukwaa, wewe piga hesabu za watu ulishe sauti yako.

Lakini usisubiri mpaka umalize. Tamthilia za Kituruki na za Kihindi tunazoziangalia hapa kwa Kiswahili, kuna watu wanaozisemea, wana majina na wana mabosi wanaowaita. Na katuni za watoto zinatengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili chetu. Watafute, uulize wanapokea vipi watu. Sauti za mabinti wazuri na mama wakwe wakali watakuwa nazo nyingi. Uliza nani anawafanyia watoto wa kiume.

Na tunza koo. Usijaribu ile kelele ya Goku chumbani kwako usiku mpaka sauti ikauke, nakujua. Pumzi itoke tumboni. Ukiamka na mikwaruzo zaidi ya ile ya kuzaliwa nayo, nyamaza siku hiyo, kunywa maji ya vuguvugu.

Jambo la mwisho ni la kazi yangu. Nimepata pamba laini, ya bluu iliyokoza, nimeisugua sikioni haisemi kitu. Nakushonea blauzi ya kwenda nayo studio: haina shanga, haina zipu, vifungo ni vya kitambaa, na mikono inaishia kwenye kiwiko ili isigusane na karatasi. Nimeshakata mgongo na kifua. Mabega nimeyaacha, kwa sababu tangu Agosti sijakuona na sijui umekonda au umenenepa. Mwambie mwenzako wa chumbani akupime vizuri, kutoka bega hadi bega kwa nyuma, unitumie namba kabla ya Ijumaa.

Mama yako