Nyonga za mbwa mchanga zisiamuliwe kwa picha peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu wanaofuga mbwa, hasa wale waliovutiwa na mbwa aina ya buldogi, ambao siku hizi nawaona katika nyumba za jiji letu la Dar es Salaam kuliko nilivyokuwa nikiwaona zamani. Ninalotaka kulisema ni jambo moja. Mbwa mchanga akigundulika kuwa na nyonga zilizolegea, uamuzi wa kumpasua, kumtunza kwa dawa au kumwondolea uhai usitolewe kwa kuitazama picha ya eksirei peke yake. Atazamwe mbwa mwenyewe, umri wake, uzito wake na pumzi yake.

Mbwa wangu anaitwa Kifaru. Nilimnunua akiwa na wiki tisa, na alipofikisha miezi saba nikaanza kuona kwamba akikimbia huirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, na akiwa amelala sakafuni huinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele. Aliyeniuzia aliniambia kwa simu kwamba huo ni upungufu wa kalsiamu na kwamba ninunue vidonge. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, aliniletea diklofenaki anayoitumia mwenyewe kwa maumivu ya mgongo. Namshukuru Mungu kwamba sikumpa Kifaru hata kidonge kimoja, kwa maana diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hupatikana katika kila duka la dawa, zinaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo kwa kiasi kidogo tu, na kalsiamu ya ziada kwa mbwa anayekua inaweza kuuvuruga ukuaji wa mifupa badala ya kuuimarisha. Zipo dawa za maumivu zilizopimwa kwa ajili ya mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, nazo pia ni za kutolewa na daktari wa mifugo anayeujua uzito wa mbwa na hali ya figo na ini lake.

Nieleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Nyonga ni kiungo cha mpira na tundu: kichwa cha fupa la paja hukaa ndani ya tundu la nyonga na kuzunguka humo. Mbwa mwenye kasoro hii kwa kawaida huzaliwa na nyonga zisizo na tatizo la kuonekana, lakini katika wiki na miezi ya mwanzo kiungo hulegea, kile kichwa hakitulii mahali pake, na tundu, ambalo hutegemea kichwa hicho ili lichongeke vizuri, hukua likiwa na kina kifupi. Kila hatua husugua gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na ukingo wa tundu, na mwisho wake ni yabisi ya kiungo, yaani kiungo kulika, kukakamaa na kuuma. Chanzo kikubwa ni urithi, na hautokani na jeni moja bali jeni nyingi kwa pamoja, ndiyo maana wazazi wanaotembea vizuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbovu. Chakula kingi na unene huzidisha tatizo. Katika kumbukumbu za Orthopedic Foundation for Animals, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1966 na inayohifadhi matokeo ya vipimo vya nyonga za mbwa wa aina nyingi, buldogi wamo miongoni mwa walioathirika zaidi, wakiwa zaidi ya saba katika kila kumi waliopimwa. Takwimu hiyo niliijua baada ya kununua.

Daktari wa kwanza tuliyemwona aliitazama picha kwa dakika chache akasema mbwa huyu hana maisha, na kwamba ni huruma kumchoma sindano ya mwisho. Wa pili aliitazama picha ileile akasema apasuliwe wiki hiyohiyo, nyonga zote mbili. Sitawataja, na wala siamini kwamba walikuwa na nia mbaya, lakini hakuna kati yao aliyemwambia Kifaru atembee. Wa tatu aliiweka picha kando. Alimtembeza uani, akampapasa magoti na uti wa mgongo, kwa kuwa buldogi huweza kuwa na kasoro huko pia na mtu akaisingizia nyonga, kisha akaniuliza maswali ambayo sikuwa nimeulizwa: asubuhi huinuka kwa muda gani, hutembea umbali gani kabla ya kuketi, hulia akiguswa, bado hucheza, na anakula vikombe vingapi kwa siku. Alimpima akakuta ana kilo 27 akiwa na miezi minane tu, wakati dume la buldogi lililokomaa linatarajiwa kuwa na kilo 25 hivi.

Alichotueleza baadaye ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Mbwa wawili wanaweza kuwa na picha zinazofanana, mmoja akawa anachechemea na mwingine anakimbia, kwa hiyo picha inaonyesha hali ya mfupa lakini haipimi maumivu. Tena mbwa wengi wanaoumia sana kati ya miezi mitano na kumi hupata nafuu wanapokaribia au kupita mwaka, kwa sababu mfuko wa kiungo, yaani utando unaokizunguka, huwa mnene zaidi na kuushika mfupa kwa kiasi fulani, ingawa yabisi huendelea taratibu na huenda ikarudi kuwasumbua ukubwani. Mtu anayeamua kuua au kupasua katika miezi hiyo ya maumivu makali anaweza kuwa anamhukumu mbwa kwa kipindi chake kibaya kuliko vyote.

Hata hivyo nisieleweke kwamba nasema watu wasubiri tu, kwa maana zipo tiba ambazo umri huzifungia mlango. Ipo ya kuunguza gegedu la kinena ili mifupa ya nyonga ikue ikigeuka na kukifunika vizuri zaidi kichwa cha paja. Hiyo hufanywa mbwa akiwa na wiki 12 hadi 20 tu, umri ambao wengi wetu hatujaona dalili yoyote. Ipo ya kukata mfupa wa nyonga na kuuzungusha kwa bamba na skrubu, ambayo hufaa kwa mbwa wa miezi mitano hadi kumi hivi, mradi yabisi haijaanza. Kwa Kifaru mlango huo nao ulikuwa umekwisha kufungwa, kwa sababu ukingo wa tundu la kushoto ulikuwa umeanza kulika. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana angepimwa akiwa na miezi minne, tungekuwa na la kuchagua.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza ni nyonga ya bandia, ambayo huweza kumrudishia mbwa mwendo ulio karibu na wa kawaida, lakini inahitaji mpasuaji bingwa, vifaa maalumu na fedha ambazo familia yangu haina. Ya pili ni kukiondoa kabisa kichwa cha fupa la paja ili misuli na makovu yatengeneze kiungo cha uongo. Nilishangaa kusikia kwamba mbwa huweza kutembea bila kichwa hicho, na kwamba maumivu ya mfupa kusugua mfupa huisha, ila matokeo yake hutabirika zaidi kwa mbwa wepesi kuliko wazito, na yanadai mazoezi ya wiki nyingi. Ya tatu ni kumtunza bila kisu.

Hapa ndipo ubuldogi wenyewe unapoingia katika hesabu. Mbwa hawa wana tundu za pua zilizobana, kaakaa laini refu linaloziba koo na mara nyingi koromeo jembamba. Nusukaputi kwao ni hatari zaidi kuliko kwa mbwa mwenye pua ndefu, hasa saa ya kuzinduka, na daktari mwangalifu hauondoi mpira wa hewa kooni mpaka mbwa awe amezinduka kabisa. Yeyote anayetaka kupasua nyonga ya buldogi amweleze kwanza mwenye mbwa atailindaje pumzi yake. Daktari wetu alishauri kwamba ikiwa siku moja Kifaru atalazimika kulazwa kwa nusukaputi, tundu za pua zipanuliwe siku hiyohiyo. Wale wanaonishauri nimpeleke baharini Kigamboni aogelee naomba wajue kwamba buldogi ana kichwa kizito na miguu mifupi na huzama upesi. Maji ya kina kifupi yenye mtu kando yake yanafaa, kina kirefu hakifai.

Tulichagua njia ya tatu, na kazi yake kubwa ni kupunguza uzito. Uko utafiti uliowafuata mbwa 48 aina ya labrado maisha yao yote, nusu yao wakipewa robo pungufu ya chakula walichopewa wenzao. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na yabisi ya nyonga iliwafika kwa kuchelewa na kwa unafuu. Hatukuwa na dawa yenye nguvu kama hiyo, na haikutugharimu kitu. Chakula cha Kifaru sasa kinapimwa kwa kikombe, na watoto wameacha kumtupia chapati. Tumetandika mikeka juu ya vigae ili miguu isiteleze, ngazi amekatazwa, na anatembezwa kwa kamba kabla jua halijachomoza na baada ya magharibi, dakika kumi na tano, kwa mwendo wa polepole. Dawa ya maumivu anapewa kwa vipindi, kwa maelekezo ya daktari. Leo ana miezi 14 na kilo 23. Bado huruka kama sungura akifurahi sana, lakini asubuhi huinuka mara moja na kuja mlangoni.

Najua wapo watakaosema ni anasa kuhangaika hivi kwa mbwa katika nchi yenye watu wasio na matibabu. Nawajibu kwa heshima kwamba mnyama niliyemfungia ndani ya uzio wangu hana mwingine wa kumtazama ila mimi. Wala sisemi kwamba sindano ya mwisho ni haramu kwa kila hali: mbwa ambaye maumivu yake hayashikwi na dawa yoyote, na ambaye upasuaji hauwezekani, kumlazimisha aishi ni ukatili. Lakini hilo liamuliwe baada ya kujaribu, tena na daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, si siku ya kwanza mbele ya picha.

Kwa wanaouza watoto wa buldogi, nawaomba wawapige picha za nyonga dume na jike kabla ya kuwapandisha, na wamwonyeshe mnunuzi picha hizo bila kusubiri kuombwa. Kwa wanaonunua, ulizeni, na mkinyimwa ondokeni, kisha mwanambwa mliyempata apimwe nyonga kabla hajatimiza miezi mitano hata kama anarukaruka vizuri. Kifaru nitamhasi, kwa kuwa sitaki mtoto wake yeyote apitie haya.

Mwezi ujao atapigwa picha tena. Tumekubaliana na daktari kwamba ikiwa nyonga ya kushoto imezidi kulika na dawa haimtulizi tena, tutakubali kichwa cha fupa kiondolewe upande huo, na uzito aliopunguza utakuwa umemsaidia kwa hilo pia.

Wako,
Mfugaji wa mbwa,
Tabata, Dar es Salaam