Safari ya familia ianzie kwenye pasi ya kusafiria, si kwenye picha ya bwawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya jambo ambalo zamani lingechekwa hapa kwetu Jinja, lakini siku hizi linazungumzwa waziwazi harusini, msibani na hata kwenye foleni ya benki. Familia ambazo watoto wao wametawanyika Uingereza, Uswidi na kwingineko zinapanga kukutana katika vila ya kukodi kwenye pwani ya kusini mwa Ulaya, ambako jua la kiangazi halina mchezo, maji ya bahari ni vuguvugu, na gharama ya nauli haimwangukii ndugu mmoja peke yake. Sina ugomvi na mpango huo. Mimi mwenyewe nimo ndani yake kwa mara ya pili. Ninachokipinga ni mahali tunapoanzia. Tunaanza na picha ya bwawa la kuogelea iliyotumwa kwenye simu, tunafuatia na bei, kisha tiketi, na viza tunaikumbuka mwisho, ilhali ndiyo inayoamua kama Mama atakaa kando ya bwawa hilo au atabaki hapa mtaani kwetu Walukuba akitazama picha zetu.

Mwaka juzi kaka yangu anayeishi London alipata vila nzuri sana katika nchi mojawapo ya kusini mwa Ulaya ambayo haina ubalozi hapa Kampala. Mwezi Januari alilipa arubuni ya asilimia 30, yaani euro 780 kati ya 2,600, akatangaza habari hiyo kwenye kundi la familia la WhatsApp, nasi tukamshangilia bila kuuliza swali hata moja. Mkataba uliandikwa kwa jina lake peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyelipa, na uliruhusu kurudishiwa fedha endapo tungejitoa kabla ya siku 60 za mwisho. Sisi wa Jinja tulichelewa kutafuta miadi ya viza, na majibu yalipotoka zilikuwa zimebaki siku 41. Mama alikataliwa. Karatasi ya kukataliwa huwa ni fomu ya aina moja katika nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, yenye visanduku na sababu zilizokwisha kuchapwa, na kisanduku chake kilichotiwa alama kilieleza kwamba madhumuni na mazingira ya ziara yake hayakuthibitishwa vya kutosha. Tulipopekua nakala za makaratasi yake usiku ule mezani, tuliona kwamba jina lake halikuwamo popote katika mkataba wa nyumba. Mwanamke wa miaka 74 alikuwa ameonekana kama mtu asiye na pa kulala, ilhali chumba chake tulikwisha kukichagua, cha chini, kisicho na ngazi, chenye dirisha linalotazama milimau. Tulijitoa wote, arubuni ikapotea, na ada ya viza, kama ilivyo kanuni, haikurudi. Sikumlaumu mtu ila sisi wenyewe.

Kwa hiyo ninatetea kanuni moja tu: katika familia yenye pasi za namna mbalimbali, yule ambaye pasi yake ina vikwazo vingi zaidi mpakani ndiye achague nchi na tarehe, na wengine wote wamfuate. Sisi tuko 11. Watoto wawili wa kaka wana pasi za Uingereza, nao huingia eneo la Schengen bila viza kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Dada yetu aliye Malmö ana kibali cha ukaazi cha Uswidi, hivyo hana haja ya viza kwenda nchi nyingine ya Schengen. Lakini kaka na mkewe, ingawa wamekaa London miaka mingi, bado wanabeba pasi za Uganda, na kwa kuwa Uingereza haimo Schengen, nao hupanga foleni kama sisi. Ukijumlisha, watu wanane kati ya 11 wanahitaji viza. Kumwachia mmoja wa wale watatu achague nchi ni kama kumwachia mtu mwenye gari apange saa ya wenzake kufika kwa miguu.

Sheria yenyewe si ya siri wala si ngumu. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo utakaa siku nyingi zaidi, si kwa ubalozi ulio rahisi kwako, na ndiyo maana nchi inatakiwa ichaguliwe kwanza na vila baadaye. Italia ina ubalozi Kampala. Hilo peke yake, naungama, ndilo lililotufanya tuache pwani nyingine zote na kutazama mkoa wa Puglia, kwenye kisigino cha kiatu cha Italia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, na mtu mwenye busara huhesabu 45. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Sisi sita wa Jinja, pamoja na kijana wangu wa miaka 15 anayehesabiwa kama mtu mzima, binti wa miaka 11 na kitindamimba wa miaka mitano, tunadaiwa euro 405, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kabla hata ya kugusa nauli. Juu ya hapo kuna bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja. Ningependa mawakala wa safari wa Kampala, ambao siku hizi wamebandika picha za pwani hizo madirishani, wawe na desturi ya kumuuliza mteja pasi yake kabla ya kumuuliza anataka vyumba vingapi.

Kuhusu majina katika mkataba, nimejifunza kwamba si haya wala si usumbufu kumtaka mwenye nyumba ayaandike yote pamoja na namba za pasi. Nchini Italia mwenye nyumba analazimika kuwaarifu polisi majina ya wageni wake ndani ya saa 24 tangu wafike, kwa hiyo habari hizo atazitaka tu, leo au siku ya kuwasili. Vilevile, tangu mwanzoni mwa 2025 kila nyumba inayokodishwa kwa muda mfupi nchini humo inatakiwa iwe na namba yake ya utambulisho ya kitaifa, nayo lazima ionekane katika tangazo. Tangazo lisilo na namba hiyo mimi silifungui mara ya pili, hata kama bwawa lake ni la buluu kiasi gani.

Suala lililotuletea maneno mengi kuliko hata fedha ni kalenda. Likizo ndefu ya watoto wetu ni ya Desemba na Januari, lakini wakati huo pwani ya Mediterania ni ya baridi na upepo, na vila nyingi zimefunikwa mabwawa. Muhula wetu wa pili, kwa miaka ya karibuni, umekuwa ukimalizika katika juma la tatu au la nne la Agosti, na wa tatu kuanza katikati ya Septemba. Mtu akitazama haraka atasema tumebahatika, kwa sababu Septemba bahari bado ina joto la kiangazi chote na bei zimekwisha kuanguka. Mwenye nyumba aliyeko karibu na Ostuni, mji wa Puglia, alitutajia euro 2,800 kwa juma la mwisho la Agosti na 1,900 kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Lakini watoto wa kaka hurudi shuleni London siku za mwanzo za Septemba. Hivyo basi, kati ya majuma 52 ya mwaka, binamu hawa wana juma moja tu la kiangazi ambalo wote wako huru, na ndilo ambalo nusu ya Ulaya nayo inalitaka. Nilipigania Septemba kwa nguvu zote kwa sababu ya zile euro 900. Nilishindwa. Dada aliniuliza kama ninakwenda kuona bahari au kuona watu, nikanyamaza.

Kwa watu 11, euro 2,800 ni kama 255 kwa kila mmoja kwa usiku saba, na hapo ndipo vila inapoishinda hoteli kwa familia kama zetu, ambazo haziwezi kula mkahawani mara tatu kwa siku wala kuzungumza mambo ya nyumbani katika vyumba vitano vilivyoachana. Lakini bei ya tangazo si bei ya mwisho. Pembeni yake kuna malipo ya usafi, wakati mwingine na ya mashuka, kuna amana itakayorudishwa ikiwa hakuna kilichovunjika, na miji mingi hutoza kodi ya mgeni kwa kila kichwa kwa kila usiku. Katika msimu huo vila nyingi hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, basi anayenunua tiketi ya Jumatano kwa kuwa ni rahisi atajikuta na usiku kadhaa wa kulipia pengine. Kutoka Entebbe hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Bari wala Brindisi, viwanja vya ndege vya Puglia. Tutabadilisha Addis Ababa au Istanbul. Mpakani nako tutenge muda, kwa sababu tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole badala ya mhuri. Gari lenye viti tisa, dereva akiwemo, ndilo kubwa kuliko yote ambalo leseni ya kawaida ya Ulaya inaruhusu, kwa hiyo watu 11 ni magari mawili, na atakayeendesha mojawapo ni dada, si mimi, kwa maana huko wanashika kulia na sehemu za kale za miji yao zina kamera zinazomtoza faini kila asiye na ruhusa ya kuingia.

Bwawa linaninyima usingizi zaidi ya barabara. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2003 inayotaka bwawa la nyumba binafsi liwe na uzio, king'ora, kifuniko au paa la kulikinga. Huko tunakokwenda sitegemei sheria ya mtu. Nimemwomba mwenye nyumba anipigie picha ya uzio na ya komeo la lango lake, kutoka upande wa mtoto, yaani simu ikiwa imeshikwa chini kwenye usawa wa goti. Alituma. Komeo liko juu ya urefu wa kitindamimba wangu kwa kiganja kimoja, nami nimempima mlangoni mara mbili.

Jiko la huko lina mambo yake. Nyumba za Italia kwa kawaida hupewa umeme wa kilowati 3, kwa hiyo ukiwasha tanuri, pasi ya nguo na birika la umeme kwa pamoja, swichi kuu hujizima na nyumba nzima inakuwa giza. Wake zetu wamekwisha kugawana zamu. Mama yeye ameuliza atabeba nini. Tulimweleza kwamba nyama na vyote vitokanavyo na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Ulaya na msafiri kutoka kwetu, hivyo samli yake, ile anayoichemsha mwenyewe hadi inukie karanga, haitaondoka Jinja. Hilo lilimkasirisha siku mbili. Lakini matunda mengi yanayodai cheti cha afya ya mimea yana ndugu zao watano waliosamehewa, nao ni nanasi, nazi, tende, duriani na ndizi, na matoke ni ndizi. Alipolisikia hilo alisimama, akaenda uani kutazama mkungu upi utakuwa umekomaa mwisho wa Agosti.

Arubuni hatujalipa. Miadi tumekwisha kuichukua, mkataba wa majina 11 uko tayari kwa masharti kwamba fedha zitarudi viza yoyote ikikosekana, na kaka wa London safari hii ndiye anayetusubiri sisi. Limebaki swali moja la Mama, ambalo nililipeleka kwa mwenye nyumba kama alivyoliuliza: je, nje ya jiko kuna mahali pa kuweka sigiri ya mkaa? Alijibu kwa adabu kwamba moto wa nje hauruhusiwi kwake wakati wa kiangazi kwa hofu ya kuunguza mashamba ya mizeituni. Jibu hilo ninalo kwenye simu tangu Jumapili, na bado hakuna hata mmoja wetu aliyejitolea kumsomea.

Wako katika kusoma,
Mkazi wa Walukuba,
Jinja