Bajeti ya kaunti huanza Agosti, tusingoje kuitwa Aprili

Mhariri,

Hapa Lamu, kila ifikapo Aprili matangazo hubandikwa milangoni mwa afisi, wakazi wakiitwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti. Watu huenda, husimama mmoja mmoja, huomba gati, taa, maji na zahanati. Juni bajeti inapita, na mengi waliyoomba hayamo. Hapo maneno huanza mabarazani kwamba wakubwa walikuwa wameshaamua. Ni kweli, mengi yalikuwa yameshaamuliwa, lakini kwa ratiba iliyoandikwa kwenye sheria, na si siri ya mtu.

Ratiba yenyewe imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini kazi ya kuupangia huanza takriban miezi kumi kabla. Kufikia 30 Agosti waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa kuelekeza idara zote jinsi bajeti itakavyoandaliwa. Kufikia 1 Septemba Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwa umefikishwa kwenye bunge la kaunti. Kufikia 28 Februari huja Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao hugawa fedha kwa idara, na bunge la kaunti lina siku 14 za kuupitisha. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili na hupitishwa kabla ya Juni kwisha.

Kwa lugha ya jikoni, Agosti ni kwenda sokoni, Februari ni kupima mchele, na Aprili chungu kimeshabandikwa. Anayekuja Aprili kuuliza kwa nini hakukununuliwa samaki amechelewa kwa miezi minane. Mradi usiomo kwenye Mpango wa Maendeleo hupata taabu kuingia kwenye makadirio, na idara iliyopewa fungu dogo Februari haiwezi Aprili kutoa gati na zahanati kwa pamoja hata ikitaka. Kwa hivyo wazee wa mitaa, vikundi vya akina mama, na kamati za wavuvi za ufuo wanapaswa kufika afisi ya wadi Julai, au Agosti mapema, mapendekezo yakiwa mkononi.

Na pendekezo liwe pendekezo. "Tunaomba mifereji ya mtaa wa Langoni itengenezwe" ni dua. Mhandisi hawezi kuikadiria, na asiyeweza kukadiria hubahatisha. Akibahatisha chini, mwanakandarasi huishia nusu ya kazi. Akibahatisha juu, mradi ndio wa kwanza kukatwa wakati wa kupunguza. Tuseme ni mfereji mmoja. Chukueni kamba ya kupimia ya fundi, andikeni unapoanzia na unapoishia, kwa mfano nyuma ya msikiti hadi ukingo wa bahari, urefu mita 120, upana sentimita 40. Hesabuni slabu za kufunikia zilizovunjika, tuseme 35. Elezeni maji yanatuama wapi na kwa nini: mita 20 za mwisho, kwa sababu mchanga na taka vimeinua sakafu ya mfereji na mteremko umekufa. Hesabuni nyumba zinazomwaga maji humo. Nusu saa inatosha. Karatasi ya namna hiyo humwonyesha mhandisi kwamba slabu mpya peke yake hazitasaidia kitu mpaka sakafu ichimbwe na mteremko urudishwe, na hilo ndilo kosa linalofanya mfereji uleule ukarabatiwe tena baada ya muda mfupi.

Kwa Mji Mkongwe wa Lamu kuna jambo jingine. Mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia tangu 2001, na eneo lake la hifadhi linalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006. Kuchimba au kujenga humo kunahitaji Makavazi yahusishwe mapema. Mradi ukiingizwa kwenye bajeti bila hilo, fedha zitakuwapo na zabuni itatangazwa, kisha kazi isimame mahali pa kibali huku mwaka wa fedha ukiyoyoma. Pendekezo la Agosti litaje hilo, na liseme pia vifaa vinavyotakiwa: chokaa na mawe pale panapohusika, badala ya kumwaga zege kila kijia.

Makosa mawili mengine huua mapendekezo mazuri. La kwanza ni kubisha mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Zahanati na hospitali za kaunti, maji, soko, kuzoa taka, taa za mitaani, barabara za kaunti, chekechea, feri na magati madogo ni ya kaunti. Shule za msingi na upili, polisi, hatimiliki za ardhi na bandari kubwa kule Kililana ni za serikali kuu. Nusu ya muda wa mkutano hupotelea kwenye hatimiliki na walimu, na karani huandika tu "yamepokelewa". La pili ni kiwanja. Watu huomba chekechea bila kuonyesha itajengwa wapi. Kama hakuna ardhi ya umma yenye namba, mradi hulala hapo.

Yote haya yapelekwe kwa maandishi. Maneno ya mkutanoni hufupishwa na anayeandika kumbukumbu, barua haifupishwi. Toeni nakala mbili, moja kwa karani wa bunge la kaunti, nyingine ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kama maoni ni juu ya waraka uliokwisha kutolewa, tajeni ukurasa, namba ya kipengele na kiasi cha fedha: "ukurasa fulani, programu fulani, shilingi kadha, tunapendekeza ziwe kadha, zitolewe kipengele fulani." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Bajeti ni shuka fupi, ukivuta huku kule panafunuka, na mjumbe wa kamati humsikiliza zaidi aliyemwonyesha pa kuvuta. Safari, ukarimu na mafunzo ni mahali pazuri pa kuanza kutazama. Sheria hiyohiyo ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinaweka mshahara usizidi asilimia 35 ya mapato. Kikokotoo cha simu kinatosha kukagua.

Waraka ukikosekana, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria yenyewe imesema hivyo, na afisi ina siku 21 za kujibu. Kuomba hakutozwi, gharama ni ya kutoa nakala tu. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hesabu siku hizo 21 kabla ya kuomba, maana anayeandika katikati ya Aprili akitaka makadirio atajibiwa wakati muda wa maoni umekwisha.

Ada ni mlango mwingine kabisa, na wenye boti, vibanda na maduka huusahau. Haziamuliwi kwenye bajeti. Zimo kwenye Mswada wa Fedha, ambao bunge la kaunti huupitia ndani ya siku 90 baada ya kupitisha Mswada wa Ugawaji wa Fedha, ule unaoidhinisha matumizi ya bajeti, yaani mpaka Septemba hivi. Mwili wa mswada una maneno mengi. Msiupoteze muda huko. Fungueni jedwali la mwisho, tafuteni mstari wenu, linganisheni na sheria inayotumika sasa. Kama boti ya abiria 10 na ya abiria 40 zimetiwa kwenye mstari mmoja, pendekezeni mistari miwili na kiasi cha kila mmoja. Kusema "ada zimezidi" hakubadilishi namba hata moja. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na jaji akasema matangazo yapelekwe mahali watu wanapokutana: makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio. Kwa mji wetu, maana yake ni tangazo baada ya sala ya Ijumaa, siku kadhaa kabla, na si karatasi moja mlangoni.

Kuna pia bajeti ya ziada, inayobadilisha bajeti iliyokwisha kupitishwa, na ambayo hupita kimya kuliko zote. Fedha zisizotumika kufikia 30 Juni hazibaki na mradi. Hurudi kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti na lazima zipangwe upya. Hapo ndipo gati lililosomwa mkutanoni linapogeuka kuwa kitu kingine. Njia ya kulifuata ni ripoti za robo mwaka. Kaunti hutakiwa kuzitoa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha, na Mdhibiti wa Bajeti naye huchapisha za kaunti zote. Mradi ukionyesha sufuri kufikia ripoti ya robo ya pili, mwishoni mwa Januari, andikeni barua wakati huo. Mkisubiri Mei, zabuni haitawahi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha imeweka pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, gavana akiwa mwenyekiti, na idadi ya wasio maafisa wa kaunti ikilingana na ya mawaziri. Wanatakiwa kuwakilisha wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Muulize mvuvi yeyote nani anamwakilisha humo.

Sasa nirudi kwa wanaopanga mikutano. Tangazo la saa nne asubuhi linafaa Nyeri. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mwendo wa saa nne na saa tano asubuhi, na boti za Siyu, kisiwani Pate, huingia na kutoka maji yakijaa. Mkutano wa Faza ukiwekwa saa nne tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, wa Siyu anayetegemea boti hatafika, au atoke alfajiri na kungoja hadi jioni kurudi. Tarehe 8 hadi 10, au 22 hadi 24, ni maji mafu: bahari haipwi sana, na saa nne maji huwa juu. Kalenda ya msikitini inatosha kuchagua siku. Ramadhani nayo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia Februari na Machi, palepale Waraka wa Mkakati unapopitishwa, kwa hivyo mikutano yake ifanywe Januari. Kwa wadi ya Basuba, mkutano mmoja hautoshi, kwa sababu vijiji vimetawanyika msituni na usafiri ni wa shida.

Muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili, wenye orodha ya miradi ya kila wadi na kiasi chake, utangulie mkutano kwa siku saba. Na kabla ratiba haijapigwa muhuri, manahodha wawili waisome.

Mkazi wa Langoni,
Lamu